Mikwaruzo Siku ya Wakwe

Harufu ya thina, ile dawa ya kuzimulia rangi, ilimtangulia baba nyumbani kila jioni. Alikuwa fundi wa rangi za magari mjini Kitale, kwenye banda la mabati nyuma ya maghala ya mahindi, na harufu hiyo ilimshika nywele, mashati, hata Biblia aliyokwenda nayo kanisani. Mama alilalamika kwamba chai yake ina ladha ya gari. Mimi niliipenda. Wakati wa likizo nilishinda bandani nikimtazama akimwagia ardhi maji ili vumbi litulie kabla hajapuliza rangi, na mapema sana nikajua kutofautisha mkwaruzo wa bahati mbaya na wa makusudi. Wa bahati mbaya huanza kwa nguvu ukafifia. Wa makusudi huenda sawasawa mpaka mwisho, na mara nyingi hurudi.

Desemba moja tulikuwa kijijini kwetu Bumula, wakwe wakaja kumposa dada yangu Nasimiyu. Mchumba wake, Barasa, alikuwa dereva wa tajiri mmoja wa Kitale, na tajiri huyo alimwazima gari lake jeusi awalete wazee wake kwa heshima. Watu wetu wakakosea. Kwetu dada wa baba, tunayemwita senge, ndiye anayemfungulia msichana njia ya kuolewa. Asipokuwepo, hakuna linaloanza. Senge Rosa alikuwa bado njiani kutoka Malakisi, na wazee, sijui ni njaa au haraka, wakaanza bila yeye. Alipofika alizisikia sauti zao dirishani. Hakuingia. Alipita kando ya gari la wageni, akaenda na kurudi, ufunguo wa nyumba yake ukiburuzika ubavuni, kisha akaja kuketi jikoni akaomba maji ya kunywa.

Nilimwona, mama akamwona, na muda si muda baba naye akajua. Kwetu baba wa msichana hazungumzi mahari mwenyewe, ndugu zake ndio husema, kwa hiyo aliweza kutoka nje bila kuulizwa. Niliogopa sana. Wakwe wakiiona mikwaruzo ile wangeondoka na kutangaza hadi Lugulu kwamba kwetu wageni huharibiwa mali. Na senge akishikilia hasira yake, dada asingeolewa na Barasa wala na mwingine, maana hakuna mzee wetu ambaye angethubutu kumpita. Baba alitoa sanduku lake la kazi. Aliosha ubavu wa gari kwa maji ya sabuni, akasugua taratibu kwa msasa laini uliolowa, kisha akapaka kompaundi ya kung'arishia na kuzungusha kitambaa hadi jasho likamtiririka. Mama alikuwa akiuchelewesha ugali ili wageni wakae ndani. Kuni zikishika moto vizuri tu, anazivuta nje.

Mistari myembamba ilitoweka. Mmoja ukabaki, chini ya kitasa cha mlango, na ukucha wa baba ukanasa humo. Alimwita senge, akampa kitambaa bila kumgombeza.

"Dada, hii imefika kwa bati. Hapa haitoki."

"Si mlianza bila mimi," senge alisema. Lakini alichuchumaa akaanza kusugua.

Ndipo mlango wa nyumba ukafunguliwa. Barasa alikuwa ametumwa kreti ya soda iliyokuwa nyuma ya gari. Aliuona ubavu mmoja unang'aa kuliko gari zima, akawaona baba na senge, kitambaa, na ufunguo mapajani mwa senge. Aliinama, akapitisha ukucha wake juu ya ule mstari, polepole.

"Hiyo nilikuja nayo, baba," alisema. "Si ya hapa."

Akachukua soda zake akarudi ndani. Senge alijifuta uso kwa leso, akamfuata. Wazee wetu walisimama, wakamwomba radhi mbele ya wageni, na mazungumzo yakaanza upya.

Baadaye baba aliupulizia mlango ule rangi bandani Kitale, lakini juani rangi mpya ilikataa kufanana na ya zamani, na tajiri akauliza. Barasa alisema alilikwaruza mwenyewe. Akafutwa kazi. Wazee wetu walitaka harusi isubiri apate kazi nyingine. Senge Rosa ndiye aliyekataa, akawakalia kooni mpaka wakakubali. Nasimiyu na Barasa wamelea watoto wao kwa shida na kwa kicheko kingi.

Sasa ni zamu yangu. Wakwe wanatarajiwa Desemba hii, na kwenye simu ndugu zangu wanabishana kuhusu mahema na rangi ya vitenge. Wanamsifu mchumba wangu: amesoma, ana kazi nzuri, gari ni lake mwenyewe. Juzi mjini Kitale, tukiwa pamoja, mkokoteni uliligusa gari hilo. Alishuka akamkaba mwenye mkokoteni shingoni mpaka watu wakawaachanisha, kisha akarudi akaniuliza tukale wapi. Mkwaruzo wenyewe ungetoka kwa kitambaa na kompaundi kidogo. Jana nilimpigia baba simu, nikamwomba awaambie wageni wasije.