Doa Nyuma ya Sikio la Salum

Niliondoka Soga siku ya Jumatano, kwa sababu Ijumaa yake shemeji yangu Kibwana alikuwa amepanga kwenda mjini kumtoa mume wangu hospitalini. Mume wangu, Salum, alikuwa mfanyakazi wa genge la reli. Alianguka kazini, akapooza upande wa kulia na kupoteza usemi. Ndugu zake wa Maneromango wakatuma ujumbe wa maneno machache: wameshajua nilichomlisha, na watamchukua akatibiwe kwao. Mimi ni mtu wa Tabora. Miaka tisa ya ndoa haikutosha kunifanya mtu wa nyumbani.

Kule hospitalini kulikuwa na daktari aliyefanya utafiti wa watu wanaopooza kabla ya uzee. Aliwachoma sindano ya dawa kwenye mshipa wa shingo, akawapiga picha za eksirei, na mishipa ya ubongo ikaonekana kama mizizi. Katika picha ya Salum alinionyesha kwa ncha ya penseli mahali ambapo mshipa ulituna, kama mpira wa baiskeli unavyochungulia kwenye tairi lililochanika.

"Akitikiswa barabarani unaweza kupasuka," alisema. "Nataka kumfanyia operesheni, ila kwanza ndugu zake waridhie."

Kisha akagusa doa dogo jeupe nyuma ya sikio. "Alishawahi kuumia hapa?"

Nikasema hapana, ningejua. Akaandika tu. Picha yenyewe alikuwa ameichomoa kwenye rundo la picha nyingi, na tangu pale nikaanza kushuku kwamba amenipa kichwa cha mtu mwingine. Hata hivyo niliiomba nikawaonyeshe wakwe zangu. Akakubali shingo upande, kwa sharti kwamba irudi Ijumaa.

Asubuhi ya Jumatano niliwaacha watoto kwa jirani, nikangoja treni ya kutoka bara hadi saa nne. Bahasha ya picha ilikuwa kubwa kama sinia, haikufichika. Nilishuka Pugu, nikapanda kilima kwa miguu hadi Kisarawe, na baada ya adhuhuri nikapata lori lililobeba mabati ya ghala la kijiji.

Tulipopita kijiji cha Masaki, mzee mmoja aliyekaa juu ya mabati hakuweza kujizuia tena.

"Binti, hiyo ramani?"

"Hapana, baba. Ni picha ya mgonjwa."

"Maana mwaka juzi walikuja watu wa serikali na bahasha kama hiyo, tukahamishwa." Aliitazama hadi aliposhuka, na hakuniaga.

Saa kumi jioni nilifika Maneromango. Mama mkwe alikuwa uani akimenya mihogo. Nilipiga goti, nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema, kisu hakikusimama.

Kibwana akatoka ndani. Ni kaka mkubwa wa Salum, mtu wa sauti nene. "Umekuja kutuomba radhi, shemeji?"

"Nimekuja kuwaonyesha ugonjwa."

Nikaitoa picha, nikainyanyua ielekee jua. Nikawaeleza mshipa ulivyotuna na hatari ya safari. Kibwana akacheka. "Fuvu ni fuvu. Utajuaje kama si la maiti? Wanamdunga dawa mtu wetu shingoni, wanamchezea, halafu wanakupa karatasi uje utuzibe macho."

Shaka yake ilikuwa ndiyo yangu.

Mama mkwe akaweka kisu chini. Akafuta mikono kwenye kanga, akasogea, akaishika picha mwenyewe. Hakuutazama mshipa. Kidole chake kilitua kwenye lile doa jeupe.

"Huyu ni Salum," alisema.

"Mama!" Kibwana akasema.

"Ni Salum. Hii ni ile punje ya gobore." Akanigeukia. "Walikwenda kuwinda nguruwe shambani, wakiwa vijana. Huyu kaka yake alifyatua kabla ya kutazama. Bunduki haikuwa na kibali, hatukumpeleka hospitali. Nilimtibu mwenyewe, kidonda kikafunga."

Kibwana alikaa kwenye kinu kilicholazwa. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Ndiyo iliyomwangusha?"

Alikuwa ananiuliza mimi, mtu wa Tabora. Nikasema sijui, na kweli sikujua. Miaka tisa nimelala na mtu huyo, na hakuwahi kunitajia kwamba ana chuma kichwani. Jioni ile nilimchukia kidogo, mgonjwa vile vile alivyokuwa.

Alhamisi tulirudi wawili, Kibwana na mimi, juu ya lori la mihogo. Mama mkwe alikuwa amemwagiza akubali kila atakachosema daktari. Bahasha aliishika yeye, kwa mikono miwili.

Ijumaa asubuhi aliweka dole gumba kwenye karatasi ya hospitali, akatoka nje haraka. Nilibaki na daktari, nikamsimulia habari ya gobore. Akaiweka picha kwenye kioo chenye taa, akacheka kwa mara ya kwanza.

"Kumbe! Lakini hiyo iko nje ya fuvu, mbali na mshipa. Haina kosa."

Nje Kibwana alikuwa kwenye benchi. Aliniangalia usoni, akasubiri. Nikampita.

Salum alifanyiwa operesheni Jumatatu. Siku zote hizo Kibwana alikaa kwenye benchi lile, chakula nilichomletea akikirudisha kama kilivyo, na mimi nikanyamaza. Nilijua alivyokuwa akiteseka, maana ndivyo nilivyoteseka tangu ujumbe wake uliponifikia. Katika siku zile nilijifunza jambo nisilolipenda: kushukiwa kunauma, lakini kumwacha mwenzako ajishuku, nawe unao ukweli mdomoni, kuna utamu wake.

Jumanne Salum alifumbua macho na kusogeza vidole. Ndipo nikaenda kwenye benchi, nikakaa kando ya Kibwana, nikamweleza maneno ya daktari, na siku niliyoyasikia.

Hakugomba.

"Na wewe, shemeji," akauliza, "unamwamini huyo daktari?"

"Namwamini," nilimjibu.

Salum sasa anatembea kwa mkongojo, na maneno yanamrudia. Kibwana huja kila mwezi kumtazama. Akiondoka hupitisha mkono nyuma ya sikio la mdogo wake, kisha hunitazama tena kwa swali lile lile, nami humjibu vile vile, kwamba namwamini daktari, bila kuwa na hakika.