Njia ya Gari Jekundu

Jumanne, tarehe 14 Oktoba. Asubuhi ni kavu, anga lina vumbi, na hata bendera ya ofisi ya soko imelala.

Gari la zimamoto linaingia kwenye njia ya katikati ya soko la magodoro na mbao. Halipigi king'ora. Linakwenda mwendo wa kinyonga mpaka vioo vyake vya pembeni vinagusa maturubai ya vibanda viwili, kulia na kushoto. Linakwama.

Dereva, mwanamke wa makamo mwenye kovu shingoni, anashusha dirisha. Kituoni wanamwita Dada Mpira.

"Haya, Mwenyekiti, nipishe. Soko linaungua."

Wachuuzi wanacheka. Mwenyekiti wa soko hacheki.

"Dada yangu, mbona unatutia nuksi asubuhi yote hii? Moto gani?"

"Wa mwaka jana. Au umeshausahau?"

Hakuna aliyeusahau. Ulianzia kwenye ghala la sponji. Gari hili lilizuiwa na vibanda papa hapa, ikabidi mipira ya maji ivutwe kwa mikono kutoka barabarani. Wazimamoto walipofika, maghala yote yalikuwa yameshika moto.

"Moto mdogo unaupiga maji, unakufa," anaeleza Dada Mpira. "Ule ulikuwa umeungana. Hewa ya moto ikipanda juu kwa nguvu, huku chini unavuta hewa nyingine kutoka kila upande. Unajitengenezea upepo wake. Maji yetu yaligeuka mvuke kabla hayajafika. Mabati yaliruka kama karatasi, makaa yakawasha mapaa ya mtaa wa pili."

Upepo huo ndio uliowaponza watu. Wachuuzi waliokwisha kukimbia waliusikia usoni, wakaona mifuko ya plastiki ikipeperuka kuelekea motoni. Wakadhani upepo umegeuka na unaurudisha moto nyuma. Wakarudi kuokoa mali.

Mdogo wake Dada Mpira, mshona magodoro, alikuwa kati yao.

"Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu," anasema, ameketi kati ya wachuuzi. Vidole vyake, vilivyokunjamana kwa kuungua, havikunjiki tena. "Nikamwambia jirani yangu wa meza, twende, Mungu ametugeuzia upepo. Moto ulipotuzunguka, mimi nilitokea mbele. Yeye alikimbilia geti la nyuma."

Geti la nyuma walinzi walikuwa wamelitia mnyororo na kufuli, vibaka wasiingie. Jirani alikutwa hapo, pamoja na wengine.

"Wanasema ni mapenzi ya Mungu," anasema Dada Mpira. "Mimi nasali kila siku. Mungu hakufunga kufuli lile. Wala hapangishi vibanda njiani."

Soko lilipojengwa upya, njia hii ilipakwa mistari ya njano. Leo mistari iko chini ya meza.

"Ni vibanda vya muda tu," anajitetea Mwenyekiti.

"Vya muda, mbona umevimwagia zege?"

Kicheko kinapasuka tena. Mwenyekiti anakunja uso, kisha anaonyesha kibanda cha kushoto.

"Basi anza na hicho. Si cha ndugu yako?"

Watu wanageuka kumtazama mshona magodoro. Ni kweli. Mshona magodoro alipewa nafasi hiyo mwezi uliopita, baada ya kukaa muda mrefu bila kazi. Dada yake hakuwa na habari.

"Ungeniambia, mdogo wangu."

"Ningekula wapi, dada?"

Mshona magodoro anainuka mwenyewe, anaanza kufungua kamba za turubai. Vidole vinakataa. Muuza mbao wa jirani anakuja kumsaidia, kisha mwingine, kisha mwenye kibanda cha kulia anaanza kutoa mito yake bila kuambiwa.

"Meza yake utaiweka wapi, Mwenyekiti?" anauliza Dada Mpira.

"Tutaangalia."

"Sikusikii."

Mwenyekiti anatazama watu waliomzunguka. "Pale mbele ya ofisi yangu. Leo hii."

"Mmemsikia wote. Sasa nisikieni na mimi." Dada Mpira anasimama kwenye kidato cha gari, jasho likimtiririka kwenye kovu. "Kila Jumanne nitalipitisha gari hili hapa. Na siku ya moto sitasimama kuuliza kibanda ni cha nani. Hata kikiwa cha mdogo wangu, nitapita juu yake."

"Pita, dada," anasema mshona magodoro.