Kanzu Iliyokunjwa Mbichi

Kazi yangu nusura niikose kabla sijaianza. Enzi hizo za Mwingereza nilitoka Temeke kwa miguu kwenda kuomba kazi ya kubeba masanduku katika bohari la divai karibu na bandari. Meneja, Mzungu mwenye masharubu, alifungua chupa ya divai nyekundu ya Hispania, akanisogezea bilauri.

"Onja," akasema. Ndivyo alivyowapima wabebaji: aliyeigugumia hakuajiriwa.

"Mie Muislamu, bwana. Lakini hii hata wewe usiinywe. Inanuka kanzu iliyokunjwa mbichi."

Akanusa, akaonja, akatema. Kizibo kilikuwa kimeota koga, na koga imeingia kwenye divai. Mie nimelelewa na bibi mpika udi, harufu hazinipiti. Nilikwenda kuuza mgongo, nikaajiriwa pua.

Kazi yenyewe, vijana wangu, haikutaka pupa. Unamimina theluthi ya bilauri, unaiinamisha juu ya kitambaa cheupe. Divai changa huwa nyekundu kama maji ya rozela. Iliyolala miaka kwenye pipa, ukingo wake hugeuka rangi ya tofali. Kisha unaizungusha taratibu ipate hewa, ndipo unapeleka pua. Ya Hispania iliyotunzwa vizuri ilinijia na harufu ya viatu vipya vya ngozi na ukwaju kwa mbali. Iliyopigwa na hewa ilinuka siki. Meneja alikuwa ulimi, mie pua. Maneno yangu aliyaandika daftarini kama yalivyo, na kila chupa yenye koga ikaitwa "kanzu" bohari zima.

Niliipenda kazi ile, nayo ilikaribia kunikosesha mke. Nilikuwa nimemposa Mwajuma, binti wa fundi seremala wa mtaani kwetu. Baba yake akasikia harufu ya divai kwenye nguo zangu.

"Mlevi simpi mwanangu," akasema, na posa akairudisha.

Siku tatu pua haikushika kazi. Meneja aliponiuliza nina nini, nikamweleza. Jumapili akaja mwenyewe Temeke, kofia mkononi.

"Huyu hapana kunywa, mzee," akasema kwa Kiswahili chake. "Yeye nusa tu. Mimi ndiyo kunywa."

Mzee akanitazama. "Kama ni pua tu, haya, nusa. Niambie humu ndani kuna nini."

Harufu nilishaisikia tangu mlangoni. Nikisema, nimemvunjia mzee heshima. Nikinyamaza, nimeshakuwa mlevi, na Mwajuma nimemkosa.

"Uniwie radhi, baba. Kanzu uliyovaa ilikunjwa mbichi."

Sauti ya mama Mwajuma ikatoka uani: "Asubuhi nilikwambia haijakauka, ukaniita mjuaji."

Mzee akanusa mkono wa kanzu yake, akacheka mpaka akatafuta kiti.

"Kumbe hata huku iko kanzu," Meneja akaninong'oneza. Nilimpenda sana mtu yule.

Nilistaafu bila kuionja divai hata tone. Wapo wasemao hata kuishika ni dhambi. Hilo nimemwachia Mungu aliyenipa pua. Sasa pua yenyewe imezeeka. Kila Ijumaa Mwajuma hunipa kanzu na kunitania, "Hebu nusa, imekauka?" Sisikii harufu yoyote tena, na sijamwambia. Nainusa kwa kituo, kama zamani, namwambia imekauka, naivaa.