Shanga Chini ya Mtungi

Niliziiba mimi. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimesema sikuzigusa. Nilimwapia bibi, nikamwapia mwalimu wa madrasa, na baadaye, nilipokuwa msomi, nikaandika makala ndefu kuhusu ukweli ambayo watu waliipongeza sana.

Mpaka leo nikisikia kitu kidogo kikigonga bati, hugeuka kutazama. Bibi alihifadhi shanga zake katika kopo la maziwa ya unga. Hazikuwa za dukani. Zilikuwa za kioo, zilizotengenezwa kwa mkono na watu wa mbali waliokufa zamani, na bahari ilizitupa ufukweni kwetu, kusini ya Palma, kaskazini mwa Msumbiji, baada ya maji ya bamvua. Tulizipepeta mchangani kwa ungo, bibi, mimi na dada yangu Zainabo. Hakuna mbili zilizofanana: moja nene upande mmoja, nyingine imepinda kama jino la mtoto. Bibi alizipima kwa kuziweka chini ya ulimi. Plastiki hupata joto upesi, kioo hukaa baridi. Iliyopata joto aliitema kwa dharau kama mbegu ya limau.

Mwaka ule Zainabo alikuwa na miaka ishirini, ameposwa na seremala wa Mbau, na alimpenda waziwazi kiasi cha kuchekwa na wenzake. Bibi akamtungia utunda wa kuvaa kiunoni, kwa uzi aliousokota mwenyewe na kuupaka nta, na fundo ambalo yeye peke yake alijua kulifunga. Katikati akaweka ushanga wa buluu nilioupata mimi. Hakuniomba. Nilikuwa na miaka tisa, nikajiona nimedhulumiwa kuliko mtu yeyote duniani.

Asubuhi moja, wote wakiwa shambani, nilifungua kopo alimouweka utunda ili nichukue wa kwangu tu. Uzi ukakatika. Nilijaribu kulirudisha fundo lile mpaka vidole vikauma, nikashindwa. Nikazizika zote, pamoja na ule wa buluu, chini ya mtungi wa maji, mahali ambapo udongo ulikuwa laini.

Kwetu, shangazi za bwana harusi huja kuutazama utunda kabla ya ndoa, ukiwa haujavaliwa bado, maana mume ndiye wa kuufungua. Walikuta kopo tupu.

"Basi keshauvaa," mmoja alimwambia bibi, "na aliyeufungua si mtoto wetu."

Nilikuwa nimekaa mlangoni nikichambua mchele. Zainabo aliapa kwamba hajui, nami nikaapa kwa sauti kubwa kumshinda. Seremala akaenda kuoa kwingine, kijiji cha Macaloe. Bibi hakushika tena ungo wa shanga. Mimi nikapelekwa bweni Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, kisha chuo Maputo. Zainabo akabaki kumwogesha bibi mpaka siku ya kumzika, na hakuolewa.

Sasa ni miaka ya gesi, iliyopatikana chini ya bahari yetu. Hapa Maputo, watu ambao jana hawakujua kijiji chetu kiko wapi leo wananichorea ramani yake. Navaa shanga za dukani, zote sawa kama askari, na nikiulizwa kuhusu utoto wangu nasimulia ufuko na ungo, mtungi nauruka. Kijiji kimeambiwa kihame kupisha mitambo. Wiki iliyopita Zainabo alinipigia simu akiwa anaibomoa nyumba ya bibi.

"Mdogo wangu, leo tumeinua mtungi wa bibi."

Hotuba nilikuwa nayo tayari, miaka yote hiyo. Nikaianza. "Dada."

"Nyamaza. Nilikuona siku ile unanawa matope. Sikujua tu umezificha wapi."

Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Ungepigwa, halafu bweni lile la internato ungelisikia kwa majirani tu. Nami nilidhani yule mwanamume ataniamini hivihivi, bila shanga." Nyuma yake nilisikia bati liking'olewa paani. "Hakuniamini."

Nililia. Aliningoja nimalize, kama alivyoningoja nilipokuwa mdogo.

"Uzi umeoza," akasema. "Ule wako wa buluu nimeuweka chini ya ulimi. Bado baridi."