Tope la Tangi la Petroli

Shemeji yangu alikuwa mtu wa usingizi. Nalitaja hilo mwanzo kwa sababu ndilo lililotutisha lilipomtoka. Alikuwa mdogo wake mume wangu, mkulima wa muhogo hapa hapa Vitongoji, Pemba, mrefu, mpole, mwenye mzaha wa chini kwa chini. Akisharudi msikitini adhuhuri hujinyosha kwenye jamvi la barazani, na watoto wangu wakimruka na kumkanyaga, yeye yumo, anakoroma. Mama mkwe alikuwa akisema huyu hata siku ya kufufuliwa itabidi aitwe mara ya pili.

Mume wangu ni fundi wa kuchomea vyuma. Wakati ule alikuwa na kibanda chake Chake Chake, akitengeneza madirisha na milango ya chuma, na kazi kubwa zikitokea huziendea. Miaka ile ya vyama vingi kazi kubwa zilikuwa chache. Watu walikuwa wamegawanyika hata kwenye kununua. Mwenye chama hiki hanunui kwa mwenye chama kile, na fundi naye huulizwa yuko upande gani kabla ya kuulizwa bei. Kwa hivyo tajiri mmoja wa Unguja alipokuja kumtaka avunje matangi mawili ya zamani ya mafuta, yaliyokuwa yameachwa yakila kutu pwani ya magharibi, mume wangu alishukuru. Tajiri alitaka chuma chakavu tu. Hakuuliza mtu chama.

Kuvunja matangi hakukuwa kugeni kwake. Alishakata matangi ya dizeli na mapipa yasiyo idadi. Alichokiogopa ni moto, kwani alikuwa na fundi mwenzake aliyeunguzwa uso na pipa alilodhani ni tupu. Basi lile tangi la kwanza alilifungua, akaliacha lipigwe na upepo, akalijaza maji, akayamwaga, akaliacha tena juani. Akakataza sigara. Alinieleza yote haya wakati wa kula, kwa fahari ya mtu anayeijua hatari yake, nami nikatulia.

Chini ya tangi kulibaki tope. Lilikuwa zito, jeusi lenye wekundu wa kutu, na kabla ya kutia moto ilibidi liondolewe na kuta zikwanguliwe. Hapo ndipo alipomwita mdogo wake. Shemeji aliingia kwa lile tundu la duara la ubavuni, na koleo na ndoo, kitambaa cha kanga yangu kuukuu kimefungwa puani, miguu mitupu, kwa sababu hakutaka kuharibu viatu. Alitoa tope ndoo kwa ndoo, mume wangu akipokea nje na kulimwaga kwenye majani. Kisha akakaa humo akikwangua magamba ya kutu mpaka jua likachwea. Kesho yake akarudi, na kesho yake tena. Mchana walikula muhogo na samaki niliowafungia, wamekaa kivulini mwa tangi lenyewe.

Nguo nilizifua mimi. Zilikuwa na harufu tamu ya petroli, na maji ya kwanza yalitoka kama chai ya rangi. Nilizikanda kwa mikono kama ninavyofua kila kitu.

Usingizi ndio ulioondoka kwanza. Mama mkwe aliniambia asubuhi moja kwamba mwanawe kapitisha usiku kucha akizunguka uani. Tukasema ni uchovu. Adhuhuri akajinyosha jamvini kama ada yake, lakini nilipopita na maji nilimwona macho wazi, yanaangalia boriti. Nilimuuliza vipi. Akasema akiyafumba anaota kabla hajalala, na ndoto zenyewe si nzuri.

Siku iliyofuata alikataa chakula. Alikuwa mweupe wa midomo na vidole vinamtetemeka. Akaja nyuma jikoni nilipokuwa nakuna nazi, akachutama mbele yangu, akafungua kinywa kama mtoto.

"Shemeji, hebu nitazamie. Kuna unywele ulimini."

Nilitazama. Hakukuwa na kitu. Nikamwambia hamna kitu, naye akanishukuru kwa adabu, akaondoka, huku mkono wake unachomoa kitu kutoka kinywani, unavuta, unavuta, kama mtu anayetoa uzi mrefu. Aliendelea hivyo siku nzima. Akishavuta hupangusa vidole kwenye shuka, kisha huanza upya.

Baada ya hapo akaona siafu ukutani. Akawaona na mwilini mwake, akajikuna mpaka damu. Kisha wakaja watu. Alizungumza nao kona ya chumba, akiwaitikia salamu, akiwauliza habari za nyumbani kwao. Kilichonitia baridi si kuwa aliwaona. Ni kuwa alinyamaza kuwasikiliza, akatikisa kichwa, akacheka walipomaliza.

Pemba mtu akiwa hivi, kila mmoja anajua pa kuanzia. Mama mkwe alimwita mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu mwema, akamsomea Yasini na dua zake, akamwandikia kombe, aya sahanini kwa zafarani na marashi, zikaoshwa kwa maji ya kunywa. Shemeji alilinywa, akatulia kidogo, tukasema Alhamdulillahi. Jioni akaruka dirishani. Ikabidi wanaume wamshike na wamfunge kwa kanga, na nguvu alizokuwa nazo hazikuwa za mtu asiyekula.

Hapo ndipo jina la jirani lilipoingia. Tulipakana ukuta kwa ukuta na bibi mmoja mjane, ambaye zamani chumvi na moto tuliombana. Vyama vilipokuja, watu wake walishika kimoja na sisi kingine, na salamu zikakatika. Shemeji aliwahi kupita mbele ya mlango wake akitoka mkutanoni, na bibi akamwambia, haya yatakwisha nawe utajuta. Pengine alikuwa na maana ya siasa tu. Mama mkwe aliyaweka maneno yale, na sasa akayatoa. Akasema mwanawe karogwa, na aliyemroga anamjua. Wajomba wakaanza kuzungumza kwa sauti makusudi, ukuta usikie. Niliogopa wataivunja nyumba ya yule mama.

Mume wangu hakusema kitu siku zile. Nikadhani ni huzuni. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa anamsikiliza ndugu yake kwa hofu nyingine, kwa sababu yeye mwenyewe kwa siku mbili alikuwa hapati usingizi, na asubuhi moja akipiga mswaki alihisi unywele ulimini.

Ndiye aliyeamua spitali. Tulimpakia shemeji kwenye gari ya abiria, amefungwa, amelazwa kwenye mbao za katikati, mama mkwe kashika kichwa, abiria wengine wamegeuza nyuso. Njia nzima aliongea na watu wake.

Aliyetupokea alikuwa daktari kijana wa kutoka bara. Alimpima, akamchoma sindano ya kumtuliza, kisha akakaa na sisi. Akauliza mgonjwa anafanya kazi gani. Mume wangu akasema mkulima, lakini juzi juzi alikuwa anamsaidia kutoa tope kwenye tangi.

"Tangi la dizeli au la petroli?"

"La petroli. Ya zamani."

Daktari aliacha kuandika. Akauliza nani mwingine aliyeingia. Mume wangu akasema yeye, lakini kidogo, zaidi alikuwa nje.

"Na nguo zao kafua nani?"

Wote wawili wakanigeukia. Sikuwahi kabla, wala baada ya hapo, kuulizwa swali dogo likaniangusha moyo namna ile.

Akatuambia kwamba petroli ya zamani ilitiwa risasi. Mafuta yenyewe hukauka na kuondoka, lakini ile risasi hubaki kwenye tope na kutu, na mtu huivuta kwa pumzi na kuinywa kwa ngozi bila kujua, nayo hupanda kichwani. Yeye hakuwahi kumwona mgonjwa wa namna hii. Alisoma habari zake tu. Lakini tulipomtajia unywele kinywani, alikumbuka kuwa aliusoma.

Mama mkwe alikuwa amesikia neno moja. Akasimama.

"Mwanangu hakupigwa risasi. Hakuandamana. Siku ile alikuwa shamba, muulizeni yeyote."

Lazima mtu awe aliishi Pemba siku zile ndipo alielewe. Tulikuwa bado tuna makaburi mapya kisiwani, ya waliopigwa risasi kwenye maandamano. Kulikuwa na nyumba zilizokimbiwa, na wanaume waliolala maporini. Kuambiwa mwanao ana risasi mwilini kulikuwa ni kuambiwa askari wako njiani. Ilichukua muda kumkalisha. Daktari alimweleza kwa upole kwamba ni madini, risasi ile ile ya chubwi linalozamisha mshipi wa kuvulia. Mama mkwe akasema machubwi keshayashika tangu utoto na hayakumfanya kitu. Daktari akasema ni kweli, ila hii iliyeyushwa ndani ya mafuta, ndiyo maana imeweza kuingia. Nilimwona mama akijaribu kuyapokea maneno yale na hayampiti kooni.

Dawa ya kuitoa haikuwepo. Kilichowezekana ni kumtuliza, kumpa maji, na kungoja. Shemeji alifariki alfajiri ya siku ya pili, amelala. Nasema amelala, na mimi nikishukuru kwa hilo, kwani hatukuwa tumeyaona macho yake yamefumba kwa siku nyingi.

Mazikoni alikuja yule bibi jirani. Mwaka ule watu walikuwa hawazikani. Msiba wa upande wa pili ulipita mlangoni kama haukuhusu. Yeye alikuja peke yake, kajifunika buibui, akasimama kizingitini, wanawake wote wakamgeukia. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mama mkwe na nilihisi mwili wake ukikaza. Hakumwitikia salamu. Lakini baada ya muda akajisogeza, akaacha nafasi kwenye jamvi, na bibi akakaa. Hakuna aliyeomba msamaha. Walikaa bega kwa bega mpaka khitma ikaisha.

Yaliyonipata mimi yalikuwa madogo. Usingizi ulinikimbia, na mikono ikawa inakufa ganzi nikishika kamba za mwani niliokuwa nalima baharini. Mchana mmoja nikiwa peke yangu nilimwona mtu kasimama mlangoni pa jiko, mgongo kanipa, na nilimjua kwa mabega. Nikasema, karibu shemeji. Sauti yangu mwenyewe ndiyo iliyonishtua. Mlango ulikuwa mtupu, na nje kuku wanapekua. Mambo haya yaliendelea wiki kadhaa kisha yakafifia, kama daktari alivyotarajia. Mume wangu alichukua miezi. Kulikuwa na asubuhi nilizomkuta ukingoni mwa kitanda anapangusa vidole kwenye shuka, nami nikaogopa kumuuliza anapangusa nini.

Alikuwa hajapona sawasawa aliposikia kwamba tajiri kaleta vijana wa Wingwi kumalizia tangi la pili. Alikwenda siku hiyo hiyo, nami nikafuatana naye, maana hakuwa na miguu ya kuaminika. Tulikuta tundu limefunguliwa na ndoo zimepangwa. Mume wangu hakupiga kelele. Alikwenda akakaa chini mbele ya lile tundu, mgongo wake ukaliziba, akawaambia wale vijana habari za ndugu yake tangu mwanzo, pamoja na unywele, pamoja na siafu. Tajiri alikasirika. Akasema watu wameshavunja matangi dunia nzima, na huu ni uchawi wa Wapemba unatafutiwa jina la kitaalamu.

"Basi ingia wewe kwanza," mume wangu akamwambia. "Mimi nitakupokelea ndoo."

Tajiri hakuingia. Vijana waliokota mashati yao mmoja mmoja wakaondoka. Daktari naye alikuwa ameshapeleka habari kwa wakubwa, na baada ya kipindi kirefu wakaletwa watu wengine, waliovaa nguo za plastiki mwili mzima na kofia zenye mpira mrefu wa kuvuta hewa safi kutoka nje. Walilirowesha tope lisitoe vumbi wala moshi, wakalitia kwenye mapipa yenye kufungwa. Hata lile lililomwagwa majanini walilichota na udongo wake. Hakuna aliyekula pale, wala aliyekwenda nyumbani na nguo aliyofanyia kazi. Mume wangu alisimama mbali akiwaangalia. Aliporudi alisema kitu kimoja tu, kwamba wale watu hawakuwa na haraka.

Mama mkwe aliishi miaka mingi baada ya hapo, na vyama vikapatana na kugombana tena mbele ya macho yake. Yeye na bibi jirani walirudi kuombana chumvi. Juu ya kifo cha mwanawe sikumsikia tena akimtaja mtu.

Mume wangu amezeeka na kibanda kakifunga. Lakini hivi karibuni alisikia kwamba Wete kuna kituo cha zamani cha mafuta kinachimbuliwa matangi yake ya chini ya ardhi ili pajengwe maduka. Alivaa kanzu, akapanda gari, akaenda. Alirudi jioni amechoka. Nikamuuliza kama walimsikiliza. Akasema msimamizi alikuwa kijana mdogo, hakuijua hata hiyo petroli ya zamani, lakini alisimamisha kazi, akalifunga tundu la tangi na kupiga simu. Kama aliyepigiwa anajua, hakuweza kusema. Akaomba chai, akainywa, na asubuhi akavaa tena kanzu yake akaenda Wete kuangalia kama tundu bado limefungwa.