Mwanamke wa Kujaza Kikao

Niliitwa kwenye baraza la ardhi kwa sababu ya mdomo wangu. Hayo ni maneno ya mwenyekiti, si yangu. Alitukuta tunapukuchua mahindi, akakaa juu ya gunia, akasema, "Mama, tunataka mwanamke anayesema. Hawa wengine wakikaa kikaoni wanatazama miguu yao."

Nikamwambia nimesoma mpaka darasa la tatu tu. Akasema linatosha, sheria mpya haiulizi shule, inauliza wanawake. Hilo la mwisho nililisikia na sikulitafakari. Nilimwamini. Tulisali kanisa moja, na mume wangu alipougua, ng'ombe wake ndio waliolima shamba letu.

Ilikuwa miaka ile mkoa wetu umekwisha katwa kutoka Arusha, na maofisa wageni wanakuja na magari kutueleza mambo. Mimi kwetu ni Maretadu, niliolewa upande huu wa Hanang nikiwa msichana. Nilikuta ardhi ni kitu cha kuonyeshwa tu. Mtu anakuja na mke wake, anaambiwa lima hapa, analima. Biashara ilipofunguliwa, malori yakaanza kufuata mbaazi na maharage mpaka mlangoni kwa mtu. Hapo kila mwanamume akakumbuka kwamba babu yake aliwahi kuchunga mbuzi kwenye shamba la mwenzake. Kesi hazikuisha.

Siku yangu ya kwanza mzee mmoja alinisogezea birika. "Mama, moto uko kule nyuma."

"Chai nimeiacha kwangu," nikamwambia. "Hapa nimekuja kusikiliza kesi."

Wakacheka. Kuanzia siku hiyo wakaniita Redio. Nikiingia, mmoja anasema, "Redio imefika, zimeni zenu." Nikitoa hoja, mwingine anamwuliza jirani yake, "Hizi betri huwa zinaisha lini?" Niliwaacha wacheke. Nilidhani mtu anayechekwa angalau anasikilizwa.

Wanawake tulikuwa watatu. Mimi, jirani yangu ambaye nilimpendekeza mwenyewe, na bibi mmoja wa mguu mbaya ambaye tangu mvua zianze alikuwa haji tena. Ofisa mmoja wa wale wageni alituambia wazi kwamba kikao kikikosa wanawake wawili, uamuzi wake hausimami. Polepole nikaelewa kazi yetu. Wanaume walimaliza kesi jana yake kwenye pombe, kisha asubuhi sisi tunaletewa chakula kilichoiva na kuulizwa kama kina chumvi.

Ndipo ikaja kesi ya mjane. Mwanamke mdogo bado, watoto wanasoma. Yeye na marehemu walifyeka shamba la bondeni, udongo mweusi, wakalizungushia ua wa miti ya manyara kwa mikono yao. Mumewe alipokufa, shemeji yake akasema shamba ni la ukoo. Alitaka kumkodishia mfanyabiashara wa mbaazi, na mjane ahamie kule juu mlimani kwenye mawe. Tulikwenda wote kuona. Hata mtoto angejua ile ni kazi ya nani.

Jioni kabla ya uamuzi, mume wangu alirudi kutoka kwenye pombe, akavua koti, akasema, "Kesho mtatoka mapema."

"Kwa nini?"

"Yule mama anapelekwa kwenye mawe. Wamekwisha kubaliana. Shemeji yake anawanywesha tangu mchana."

Nikajifunga kanga, nikaenda kwa jirani yangu kabla giza halijaingia. Huyu tulikuja kuolewa mwaka mmoja. Nilipolala hoi kwa malaria, ndiye aliyemnyonyesha mwanangu pamoja na wa kwake. Nilimweleza kila kitu. Nikamwambia kwamba wakisema mjane aondoke, mimi nitasimama na kutoka, na kikao kitakufa hapohapo, kwa sababu mwanamke atabaki mmoja. Sikuwa namwomba kitu. Sikutaka tu jambo limkute ghafla.

Alikuwa anachambua maharage. Akasema, "Ukisimama, nasimama."

"Si lazima."

"Nimesema nasimama. Nikuache utoke peke yako kama umefukuzwa?"

Asubuhi nilipoingia ofisini nilimkuta yule bibi wa mguu mbaya ameketi ukutani, mguu ameunyoosha juu ya kiti kingine.

"Shikamoo bibi. Mguu umepona?"

"Marahaba. Umepona wapi? Mwenyekiti kanitumia mkokoteni wa punda alfajiri. Kasema leo nisikose, hata nikilala hapa nilale."

Nikafikiri, sawa, sasa itabidi tutoke wote wawili. Nilifikiri hivyo tu. Akili yangu haikwenda mbali zaidi, kwa sababu mbali zaidi kulikuwa na mtu mmoja tu, yule niliyemweleza.

Mwenyekiti akasoma uamuzi. Mjane aliketi kwenye benchi la mbele na mtoto mgongoni. Nikasema yale niliyokuwa nayo: ua tumeuona, shamba tumeliona, na kule kwenye mawe hata mbuzi hashibi. Mwenyekiti alisubiri nimalize.

"Umesema mama, tumekusikia. Tunaendelea."

Nikasimama. Nikafika mlangoni, nikageuka. Jirani yangu alikuwa amekaa. Alikuwa anafunga na kufungua ncha ya kitenge chake, hanitazami. Mwenyekiti naye hakunitazama mimi. Alimtazama yeye, akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayeshukuru. Nikatoka. Dirisha lilikuwa wazi, nikawasikia wanaitwa mmoja mmoja kuweka dole gumba, yeye na bibi.

Nilimngoja njiani. Sikumpigia kelele.

"Ulimwambia."

"Nilimwambia mume wangu. Yeye ndiye aliyekwenda kwa mwenyekiti."

"Na ulijua atakwenda."

Akasema, "Wewe mume wako anakuacha unasema. Mimi nikitoka pale nikamwaibisha, narudi kulala wapi?"

Nilimwelewa. Kumwelewa hakukunisaidia kitu. Angeniambia jioni ile, hapana, siwezi, naogopa, na asingemwambia mumewe, ningetoka peke yangu, bibi asingeletwa, na mjane angebaki na shamba lake. Mwenyekiti ni mwanamume anayelinda wanaume wenzake, hilo nilizoea. Lakini huyu alinikaribisha kigoda, akanipa neno lake, akaendelea kuchambua maharage.

Bado tunasalimiana. Akifiwa nakwenda, nikifiwa anakuja. Mtoto aliyemnyonyesha anamwita mama, na simkatazi. Mimi sijamwambia siri tena.

Baraza nililiacha. Mbaazi zilipochanua bondeni nilikutana na mjane mtoni. Sasa anapanda mlima na ndoo, njia ndefu. Akaniamkia, "Shikamoo mama," akaendelea kuteka.

"Marahaba. Mbona hunitazami?"

"Wale wanaume niliwajua," akasema. "Wewe nilidhani utabaki. Ulinigeuzia mgongo ukatoka, nikabaki na wao."

Nikamwambia ningebaki, wangeandika kwamba na mimi nimekubali.

"Na ulipotoka waliandika nini?"

Alikunja kata ya kitambaa, akaiweka kichwani, akainama. Ile ndoo ilikuwa imejaa. Nikashika upande mmoja, naye upande mmoja, tukainua.