Nilifunga Kila Dirisha

Miaka mingi nilifungua na kufunga vali za mabomba katika kiwanda cha shaba hapa Likasi, na sheria yetu ilikuwa moja: usifungue ya pili kabla hujafunga ya kwanza. Anayesahau anaweza kumuunguza mwenzake kwa asidi. Sikusahau hata siku moja, mpaka nikastaafu.

Binti yangu alitaka kujiandikisha shule ya uuguzi Lubumbashi. Siku ya mwisho ikamkuta Kapolowe, akimuuguza mama yangu, na kule mtandao ni wa kubahatisha. Akanipigia, akaniomba nimjazie fomu kwenye kompyuta kabla ya saa sita mchana. Akanipa neno la siri la barua pepe yake. Kwa kiburi changu nikamwambia mashine hazijawahi kunishinda.

Saa nne nilikuwa nimeketi kwenye kompyuta ya kukodi karibu na soko. Nilijaza jina, shule, matokeo ya mtihani wa serikali, kila kitu kwa kidole kimoja. Mwishoni fomu ikaniambia: tumekutumia tarakimu sita kwa barua pepe, ziandike hapa. Nikafanya nilivyozoea. Nikafunga fomu, nikafungua barua pepe, nikaandika tarakimu kiganjani, nikafunga barua pepe, nikairudia fomu. Ilikuwa tupu.

Nikajaza upya. Ikataka tarakimu nyingine. Nikafunga, nikafungua, nikarudi: tupu tena. Mara ya tatu jasho lilinitoka hadi wino ukafutika mkononi. Nilitamani kukipiga ngumi kile kioo. Mwaka mzima wa mtoto wangu ulikuwa mikononi mwangu na sikujua nakosea wapi.

Mama mwenye kompyuta zile akaacha kazi yake, akaja kusimama nyuma yangu.

"Papa, juu ya nini unafunga kila mara?"

"Kule ku usine, unafunga ya kwanza, njo unafungua ya pili," nikamjibu kwa sheria ya kiwandani.

"Hapa hapana, papa. Ile dirisha uiache tu, ishuke pale chini. Haiendi fasi yoyote. Ukiitaka, unaigusa, inarudi."

Akanionyesha. Akagusa alama ndogo chini ya kioo, barua pepe ikainuka. Akagusa nyingine, fomu ikarudi. Ilikuwa rahisi hivyo, na mimi nilikuwa nimepoteza asubuhi nzima. Nikajaza mara ya nne, nikaiacha fomu ishuke chini. Safari hii tarakimu zilikubaliwa. Nikabonyeza kutuma.

Uandikishaji umefungwa, kikaandika kioo. Saa sita ilikuwa imepita kwa dakika nne.

Nilitoka nje nikampigia binti yangu.

"Ilienda, papa?"

Nikaangalia wino uliofutika kiganjani. Akauliza tena:

"Ni connexion, eh? Ilikatala?"

"Ndiyo," nikasema, nikiusingizia mtandao. "Ni connexion."

Nikamsikia akivuta makamasi.

"Bon. Aiko makosa yako, papa. Merci sana. Enda ukule, umechoka."

Akaendelea kunituliza, nami nikamwacha anitulize.